Kipupwe Nyumbani: Chai, Udi na Mafuta Yaliyoganda

Masika yamekwisha, kusi limeshika, na barua zenu zimegeuka. Mwezi uliopita mlikuwa mkiuliza habari za paa linalovuja. Safari hii mnauliza chai, udi, uji na bao. Mna haki. Kuanzia Juni hadi Agosti, Unguja na Pemba, joto la usiku hushuka hadi nyuzi 22 na pengine chini ya hapo, na aliyezoea jasho la kaskazi huitafuta shuka nzito. Ni miezi mitatu tu ambayo kikombe cha moto na chumba kilichofungwa madirisha huwa raha, basi tuitumie vizuri. Barua ni nyingi kuliko nafasi. Zilizofanana tumezijibu kwa pamoja.

SWALI: Assalamu alaykum. Kila nikipika chai ya maziwa yenye tangawizi, maziwa yanakatika na kufanya mabonge. Nimeshabadilisha muuza maziwa mara mbili, lakini wapi. Nakosea wapi? (Mama wa watoto watatu, Jang'ombe)

JIBU: Waalaykum salaam, dada yetu. Muuza maziwa hana kosa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na nguvu zake hupanda maziwa yanapokuwa ya moto lakini bado hayajachemka. Ukiponda tangawizi ukaitia katika maziwa baridi, kisha ukayabandika kwenye moto mdogo, unakipa kimeng'enya hicho muda wote kinaouhitaji. Dawa yake ni kuichemsha tangawizi kwenye maji kwanza. Maji yanayotokota huiua nguvu hiyo, na utamu na ukali hubaki.

Kwa vikombe sita: maji vikombe vinne na nusu, maziwa vikombe viwili, tangawizi mbichi kipande cha urefu wa kidole gumba, iliki sita, kijiti kimoja cha mdalasini, majani ya chai vijiko viwili vidogo. Tangawizi iponde kinuni pamoja na iliki, usiikune tu, maana kuponda hutoa maji yake yote. Tia kwenye maji baridi pamoja na mdalasini, chemsha, kisha acha itokote dakika kumi. Hapo ndipo utie maziwa, na yakipanda mara ya kwanza tia majani. Majani yasikae motoni zaidi ya dakika tatu, kwani yakizidi chai hupata uchungu unaokaza ulimi, na watu huongeza sukari wakidhani tangawizi ndiyo kali. Epua, funika dakika mbili, chuja.

Ukitumia tangawizi kavu, punguza iwe nusu. Ikikauka inakuwa kali zaidi kuliko mbichi, na ukali wake unashika kooni badala ya ulimini. Nayo ichemshe kwenye maji kwanza vilevile. Na kama maziwa yamekatika hata bila tangawizi, basi yalishaanza kuchacha. Onja kijiko kimoja kabla ya kuyatia sufuriani.

Kuna mwengine, wa Mpendae, ameuliza kama mchaichai unaweza kuingia humo humo. Unaweza, majani mawili yaliyofungwa fundo, lakini basi ondoa mdalasini. Viwili hivyo pamoja hushindana na chai haijulikani ni ya nini.

SWALI: Kahawa ninayopika nyumbani ina machicha mpaka kwenye kikombe. Ya barazani haina. Wanafanyaje? (Kijana wa Kikwajuni)

JIBU: Wanaisubiri, kijana. Kwa nusu lita ya maji tia vijiko vinne vikubwa vya kahawa iliyotwangwa, na tangawizi kavu kidogo ukipenda. Ikipanda, epua ishuke, rudisha. Fanya hivyo mara tatu. Kisha weka chini dakika tano bila kuigusa. Machicha yaliyolowa maji huzama yenyewe. Mimina taratibu kwenye dele, yaani birika la kahawa, bila kutikisa, na ile sehemu ya mwisho ya sufuria usiitamani. Kahawa iliyosagwa laini mno, ile ya mashine, haizami vizuri; omba ya kutwangwa.

SWALI: Sabalkheri. Mafuta yangu ya nazi nimeyapika mwenyewe, yalikuwa maji safi kabisa. Sasa kila asubuhi nayakuta yameganda meupe chupani. Je, yameharibika? Na kuna njia gani ya kuyatia harufu nzuri bila kununua manukato? (Bibi wa wajukuu, Chake Chake)

JIBU: Sabalkheri bibi. Hayajaharibika. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Julai unafika huko. Mchana yatayeyuka tena. Ukiyataka mapema, simamisha chupa ndani ya bakuli la maji vuguvugu kwa dakika kumi. Usiyaweke motoni kila siku, kwani kupashwa pashwa ndiko kunakoyafanya yaanze kunuka uvundo. Yaliyoharibika utayajua kwa harufu kali inayopanda puani na ladha inayokwaruza. Mara nyingi sababu ni maji: mafuta hayakukaushwa vizuri yalipopikwa, au mtu amechovya kidole kibichi chupani.

Swali lako la pili limetufurahisha sana, maana kipupwe ndicho msimu wake. Mafuta yaliyoganda hunasa harufu ya ua vizuri kuliko yaliyo maji, na huhitaji moto wowote. Chukua asumini. Tumba zake hufunguka usiku, na usiku ndipo zinapotoa harufu. Kwa hiyo zichume alasiri zikiwa bado zimefumba lakini zimeshajaa na kuwa nyeupe. Usichume baada ya manyunyu. Zitandaze juu ya kitambaa kikavu nusu saa ili unyevu wote uondoke.

Yeyusha nusu kikombe cha mafuta, mimina kwenye sahani pana ya kaure yapate kimo cha nusu sentimita, yagandishe. Nyumba ikiwa bado ina joto la mchana, yatie kwenye friji dakika ishirini, au weka sahani ndani ya sinia lenye maji ya mtungi. Magharibi panga tumba juu ya mafuta moja moja, zisipandane, wala usizididimize. Zilale juu tu. Funika kwa sahani nyengine ya ukubwa huo huo. Mafuta yakilegea kidogo usiku hakuna madhara. Asubuhi mapema, kabla ua halijawa la kahawia, ziokote zote. Jioni weka mpya. Fanya hivyo siku tano, saba ukiwa na subira, na usitazamie harufu ya maana kabla ya usiku wa tatu.

Mwisho yeyusha mafuta kwa maji vuguvugu, chuja kwa melimeli, tia kwenye chupa ndogo iliyokauka kabisa. Wanaoharibikiwa huwa wameacha maua siku mbili tatu ili “yakolee”. Ua lililokufa linaachia maji yake, na maji hayo huleta ukungu na harufu ya kuchacha. Harufu huingia kwa kubadilisha maua mara nyingi, si kwa kuyaacha muda mrefu. Mkadi nao unakubali njia hii, lakini ukate vipande vidogo na usiku mmoja unatosha, kwa kuwa harufu yake ina nguvu.

Kama mnapenda mafuta ya kuchua yenye joto, Pemba mna neema: mafuta ya makonyo, yaani vijiti vya karafuu. Tone moja tu kwa kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi. Yakiwa peke yake huunguza ngozi, na watoto wadogo wasipakwe kabisa.

SWALI: Udi wangu wa kupika unanuka sukari iliyoungua. Nimefuata vipimo nilivyopewa. Pia unanata mpaka nashindwa kuutoa kwenye kopo. (Bi harusi mpya, Mji Mkongwe)

JIBU: Mwanangu, hayo ni matatizo mawili yenye asili moja, nayo ni sukari. Wakati wa kupika iliachwa ikabadilika rangi. Wakati wa kuhifadhi inanyonya unyevu wa hewa, na nyumba za mawe za Mji Mkongwe zina unyevu wa kutosha hata msimu huu.

Pika hivi. Sukari kikombe kimoja, maji ya mawaridi nusu kikombe, moto mdogo sana. Koroga mpaka sukari iyeyuke yote, kisha acha kukoroga. Chovya kijiko, acha tone lipoe, libonyeze baina ya vidole viwili: ukivuta ukaona uzi mwembamba, basi papo hapo tia vipande vya udi vikombe viwili, vilivyokatwa vidogo vidogo. Shira bado iwe nyeupe inayoonesha. Ikishaanza kuwa ya dhahabu, imwage uanze upya, kwa sababu harufu ile haiondoki hata utie miski ya thamani gani. Geuza udi mpaka kila kipande kipate shira, epua, na ungoje mpaka uweze kuugusa kwa mkono. Hapo ndipo utie unga wa sandali kijiko kimoja kikubwa, miski na mafuta ya udi. Wengi huvitia vikiwa motoni, na manukato yote huishia kwenye mvuke jikoni. Nyumba nzima inanukia siku ya kupika na chetezo hakina kitu siku ya kufukiza.

Tandaza kwenye sinia, anika kivulini penye upepo siku mbili au tatu, ukigeuza. Ukiwa mkavu wa kutengana, tia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza. Ngoja wiki mbili kabla ya kuutumia.

Na huenda udi wenyewe hauna kosa, kosa ni kaa. Kaa jekundu linaunguza udi kabla haujatoa harufu. Liache mpaka livae jivu jeupe pande zote, kisha nyunyiza jivu jengine juu yake kwa kijiko, na udi uuweke juu ya jivu hilo, kipande cha ukubwa wa ukucha. Ukiona moshi mwingi unapanda kwa kasi, joto limezidi. Sogeza udi pembeni. Moshi wa udi mzuri ni mwembamba na hupanda pole pole. Makaa ya vifuu hushika moto upesi na hayana harufu ya mti, kwa hiyo ndiyo tunayoyapendelea.

SWALI: Bibi yetu ana miaka zaidi ya themanini na baridi inamsumbua usiku. Anataka tumuwekee seredani ya makaa chumbani mpaka alale. Tumkubalie? (Wajukuu, Micheweni)

JIBU: Hapana, msimkubalie hata kidogo, na mumwambie kwa upole kwa nini. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Watu hudhani hatari ni moshi, na kwamba makaa yakishakuwa mekundu bila moshi yako salama. Si kweli: gesi hiyo hutoka hata moshi usipoonekana. Huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala hazioni dalili hizo. Hulala moja kwa moja. Hata chetezo cha udi kitolewe nje kabla ya kulala, na mlango uwe wazi wakati wa kufukiza.

Yapo ya kumfanyia. Kama analalia kitanda cha kamba, baridi yake nyingi inatoka chini, si juu. Tandikeni mkeka mzito, juu yake blanketi, ndipo godoro. Mtaona tofauti usiku wa kwanza. Fungeni madirisha ya upande wa kusini na mashariki kuanzia magharibi, maana kusi linaingilia huko, na acheni la upande mwengine wazi kidogo ili hewa izunguke. Soksi za pamba miguuni.

Nunueni mfuko wa mpira wa maji moto, ule wa duka la dawa. Maji yasiwe yanayotokota: yachemsheni, yaacheni dakika kumi. Jazeni theluthi mbili, bonyezeni hewa itoke kabla ya kufunga, ugeuzeni juu chini muone kama unavuja, kisha uvikeni kanga mikunjo miwili. Uwekeni kitandani robo saa kabla bibi hajapanda, na akipanda usogezwe miguuni, usimguse ngozi. Mtu mzima wa umri huo anaweza kuungua bila kuhisi. Chupa za plastiki za maji ya kunywa hazifai. Zikipata maji ya moto hulegea na kifuniko hufyatuka.

Kabla ya kulala mpeni kikombe cha uji wa pilipili manga, ambao wasomaji wengine wawili wameuulizia, mmoja akilalamika kuwa tui linakatika. Kwa vikombe vinne: unga wa mchele vijiko vitano vikubwa, nazi moja, sukari vijiko vinne, pilipili manga punje kumi na mbili zilizotwangwa wakati huo huo, iliki nne, chumvi kidogo. Kuna nazi, chuja tui zito kikombe kimoja liwekwe kando, kisha tui jepesi vikombe vitatu. Koroga unga kwa tui jepesi likiwa baridi. Ukiutia kwenye la moto unafanya mabonge na hutayamaliza kwa kukoroga. Bandika, koroga bila kuacha mpaka uive, dakika kumi na mbili hivi. Tia pilipili manga, iliki, sukari na chumvi. Punguza moto, ndipo utie tui zito, na tangu hapo usiuache uchemke: koroga upande mmoja mpaka ufuke moshi tu, epua. Tui zito likitokota kwa nguvu mafuta hujitenga na maji, na uji huwa na vimacho vya mafuta juu na maji chini. Kwa bibi mwenye tumbo jepesi, punje sita za pilipili manga zinatosha.

SWALI: Kanga na baibui zangu zina harufu ya uvundo tangu masika. Udi naufukiza lakini harufu inarudi. (Msomaji, Mkokotoni)

JIBU: Udi haufui ukungu, dada, unaufunika tu. Toa kila kitu kabatini. Fua, anika juani mpaka zikauke kabisa pindoni, kwa sababu pindo ndilo linalobaki bichi. Kabati lifute kwa siki na maji nusu kwa nusu, liache wazi kutwa nzima, lisogeze likae mbali na ukuta kiasi cha upana wa kiganja. Ndipo urudishe nguo, na udi wako sasa utakaa. Karafuu kavu kiganja kimoja ndani ya kitambaa chepesi kwa kila rafu husaidia. Zibadilishe zikikosa harufu ukizivunja.

SWALI: Jioni giza na baridi watoto hawatoki. Keram yetu imekuwa nzito, kete haziendi. Pia nataka kuwafundisha bao, wana miaka tisa na kumi na moja, lakini naona sheria zitawachosha. (Baba, Wete)

JIBU: Keram imekunywa unyevu, kaka. Futa unga wote wa zamani kwa kitambaa kikavu, maana unga uliolowa ndio unaonata. Usitumie maji. Weka ubao penye upepo kivulini siku nzima, umelala juu ya vitu vinne vilivyolingana pembeni, juani utapinda. Kisha tia unga mpya kidogo sana katikati na uusambaze kwa kiganja. Unga halisi wa keram ni sumu ukimezwa, kwa hiyo uwe mbali na wadogo, na mikono inawe kabla ya kula.

Bao usiwaanzishie la kiswahili. Waanzishie la kujifunza. Mashimo ni 32, kete 64: tia mbili mbili kila shimo, hakuna kete ya mkononi. Kila mmoja ana safu mbili za mashimo manane. Siku za mwanzo wafundishe jambo moja tu: kete yako ya mwisho ikiangukia shimo la safu ya mbele lenye kete, na shimo linalotazamana nalo la mwenzako lina kete, unakula, na ulizokula unazitawanya kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, upande wako. Shimo tupu linakusimamisha. Mtoto akishakuona mwenyewe kula kabla hujamwambia, yuko tayari.

Ndipo muingie namua, hatua ya kwanza ya bao la kiswahili. Kila mmoja huanza na kete kumi ubaoni: sita kwenye nyumba, ambayo ni shimo la tano kutoka kushoto kwake, na mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kuliani. Nyengine 22 zinabaki mkononi na huingizwa moja moja. Mtoto wa miaka tisa huwa na haraka ya kuibomoa nyumba yake. Mwacheni aibomoe mara mbili tatu apoteze mchezo. Kumkataza kila wakati kunamfanya acheze kwa macho yako. Kete za komwe ndizo bora, ngumu na za kulingana, na mkomwe unaota pwani. Mkikosa, vijiwe vitafaa, mradi viwe vya ukubwa mmoja ili idadi ionekane kwa jicho bila kutia mkono shimoni.